Mkono wa Kushoto Nao Upewe Mpini

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi na mafundi wa mitaani, Tanga

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Itifaki nyingine naomba ihesabike imezingatiwa, maana nimepewa dakika arobaini na humu mfukoni nina visu saba.

Msihame viti. Vimeviringishwa kwenye gazeti.

Nianze na hiki kidole gumba cha kushoto. Walio mbele wanaliona kovu, limeanzia kwenye kifundo likapanda hadi karibu na ukucha. Sikulipata nikikata nyama wala nikimenya muhogo. Nililipata nikinoa. Nilikuwa nimenunua dukani kinoleo cha mkononi, vile vidogo vya plastiki vyenye mfereji wa umbo la V, unavuta kisu mara tatu nne kinakuwa kikali. Siku mbili kilinifanyia kazi vizuri kabisa, nikakisifia hadi kwa jirani. Siku ya tatu nilivuta kisu, kinoleo kikalala ubavu, kisu kikapanda juu ya ukingo wa mfereji na kushukia kidole kilichokuwa kimeshika kifaa. Nyuzi nne. Muuguzi aliyenishona aliniuliza kazi yangu nini. Nikamwambia mimi fundi. Akasema "pole, fundi", na lile neno fundi alilivuta kidogo.

Basi nikakaa nyumbani na bandeji, sina kazi ya kufanya, nakitazama tu kile kidude. Waswahili tukitaka kusema fulani ana nguvu na mwenzake hana, tunasema huyu kashika mpini, yule kashika makali. Siku ile mimi peke yangu nilikuwa pande zote mbili za ugomvi. Mkono wa kulia umeshika mpini, mkono wa kushoto umeshika makali. Aliyekibuni alifikiria kisu, akafikiria bei, akafikiria na boksi liwe la rangi gani. Mkono wa kushoto hakuufikiria. Mimi leo nimekuja kuusemea huo.

Lakini kwanza tuelewane kunoa ni nini, kwa sababu wengi tunanoa tangu utoto bila kujiuliza. Nani ana karatasi? Ahsante. Pembe ya karatasi ni nyuzi 90. Kunja nusu, umepata 45. Kunja tena nusu, umepata 22 na kitu. Hapo ndipo kisu cha jikoni kinapoishi, au chini kidogo: nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Ukilaza zaidi ya hapo unapata makali membamba yanayokata kama wembe, lakini yakigonga mfupa wa nguru yanamomonyoka. Ukisimamisha zaidi unapata makali ya panga, yanavumilia ila yanataka mkono wenye nguvu. Kazi yote ya kinoo, iwe jiwe, iwe tupa, iwe ukingo wa saruji pale kibarazani kwako, ni kula chuma pande mbili hadi zikutane. Zikikutana, chuma kidogo kinajikunja upande wa pili kama uzi. Ukipitisha kidole kutoka mgongoni mwa kisu kuelekea makali, siyo kwa urefu wa makali, jamani, unahisi kama unywele umekwama pale. Uzi huo ukiondolewa kisu kimenoleka.

Anayenoa kwa jiwe huibeba ile pembe kwenye kifundo cha mkono. Ni ujuzi, na ujuzi una miaka yake. Kinoleo cha mfereji kinakubebea pembe. Kimefungwa vipande viwili vya kitu kigumu kuliko chuma, vimekutana kwa V, wewe kazi yako ni kuvuta. Ndiyo maana watu wanakipenda, na sioni sababu ya kuwacheka. Mama anayepika vitumbua alfajiri hana muda wa kujifunza jiwe.

Vipande hivyo ni vya aina mbili kubwa. Kuna kabaidi ya tungsteni, kitu kilichotoka viwanda vya Ujerumani miaka ya 1920. Kampuni ya Krupp ilikiuza kwa jina Widia, kifupi cha maneno yao yenye maana ya "kama almasi". Mafundi kereza mnakijua: ni ile ncha ya pembetatu mnayoifunga kwenye mashine na kuitupa pembe zikishaisha. Mimi naokota hizo mnazotupa. Kabaidi haisugui kisu, inakikwangua. Inatoa nyuzinyuzi za chuma unaziona kwa macho. Ya pili ni seramiki, vijiti vyeupe, inafanya polepole na kwa upole, inalainisha. Haishiki kutu hata uitie maji ya bahari, ila ikidondoka kwenye sakafu ya saruji imekwisha.

Hapa niwaonye wanafunzi, nisije nikasahau. Ukitaka kuchonga upya ncha ya kabaidi, jiwe la kijivu la mashine ya kusagia halitaiweza, litaisha lenyewe. Inataka jiwe la kijani au la almasi. Na vumbi lake lina kobalti ndani. Siyo vumbi la kuvuta. Lowesha maji, vaa barakoa nzuri, na usifanye hapo hapo mnapopikia chai.

Sasa turudi kwenye mkono.

Bandeji ilipotoka nilianza kwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, bila kununua samaki, jambo ambalo lilinitia aibu kidogo. Nilikuwa natazama mikono. Pale kuna kaka mmoja anapaa samaki, anatumbua, anakata vipande kwa wateja, kwenye gogo. Kisu chake kilianza maisha kikiwa kipana, sasa kimeliwa mpaka kimekuwa kama mwiba wa taa. Samaki kadhaa wakipita, anageuka, anakisugua kwenye ukingo wa saruji nyuma yake, chwa, chwa, chwa, anarudi. Hatazami. Nikampa kile kinoleo changu cha dukani ajaribu. Mkono wake ulikuwa na ute wa samaki hadi kwenye kiwiko. Alikishika, kikamponyoka kabla kisu hakijafika. Akakiokota, kikamponyoka tena, kikaangukia kwenye utumbo wa kolekole. Akanirudishia na kuniambia: "Kaka, hiki cha mtu aliyenawa."

Sentensi ile nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa karakana yangu. Kifaa kilibuniwa kwa mtu aliyenawa, aliyesimama, mwenye meza mbele yake. Sisi ni wangapi hapa tuliolelewa na mama aliyekuwa akikata mboga amesimama mezani? Mama yangu alikaa kwenye kigoda, ungo mbele, kisu mkononi, na mchicha ulikatwa hewani kwenye kiganja. Kile kijipira kilichobandikwa chini ya kinoleo ili kisiteleze mezani, kwake kingekuwa pambo.

Basi nikaanza kutengeneza vyangu. Cha kwanza kilikuwa kibaya, na nimekileta mkione. Kipitisheni kwenye viti. Kina mpini, ndiyo, lakini mwembamba, milimita 22. Nilitumia fimbo iliyokuwepo. Ukikikamata kwa nguvu vidole vinazunguka hadi kucha zinachoma kiganja. Baadaye nikasoma kijitabu cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, cha mwaka 2004, kuhusu kuchagua vifaa vya mkono. Wanasema kifaa cha kazi ya nguvu, mpini wake uwe na kipenyo cha kati ya milimita 32 na 51, na urefu usipungue sentimita 10, kwa sababu mpini mfupi unaishia katikati ya kiganja na kukandamiza pale palipo laini. Kazi ya kalamu, milimita 6 hadi 13. Yaani mimi nilikuwa nimetengeneza kitu cha katikati, si kalamu si nyundo.

Lakini vipimo vya kitabuni nilivithibitisha kwa bibi mmoja wa Ngamiani. Ana baridi yabisi, vidole vyake havifungi ngumi siku hizi. Nilikwenda na udongo wa mfinyanzi, madonge ya unene tofauti, nikamwomba akamate kila moja kama anavyokamata mchi. La milimita 22 halikuwa na alama hata moja ya kiganja, ncha za vidole tu. La milimita 38 lilikuwa na mkono mzima: kiganja, vidole vinne, gumba limelala juu. Akalitazama akasema, "Mjukuu wangu, hili ndilo linanishika mimi. Lile jembamba mimi ndiye nalishika." Mimi nilikwenda na rula, yeye akapima kwa maneno.

Hadithi kama ya bibi huyu imewahi kumtajirisha mtu, niwaambie. Mmarekani mmoja, Sam Farber, alimwona mkewe Betsey akisumbuka kumenya tufaha kwa sababu ya baridi yabisi. Akatafuta wabunifu wa New York, Smart Design, na mwaka 1990 wakatoa vifaa vya jikoni vya OXO Good Grips, mipini minene, myeusi, ya mpira laini. Kwenye mpini kuna mapezi membamba ya mpira pale gumba linapokaa, na wazo la mapezi hayo walilitoa kwenye mpira wa mpini wa usukani wa baiskeli. Baiskeli! Kitu ambacho kila nyumba hapa Tanga inacho au iliwahi kuwa nacho. Kilichobuniwa kwa ajili ya mkono unaouma, watu wenye mikono mizima wakakikimbilia. Nami sijamwona bado mtu mwenye mkono mzima akilalamika kwamba mpini umemfaa mno.

Kile kinoleo cha pili ndicho kinachonitia aibu zaidi, kwa hiyo nakisimulia kwa kirefu.

Nilisema, mimi mtu wa Tanga, nahangaika na nini wakati mkonge upo? Mkonge ndio ulioipa reli na bandari yetu kazi. Mnaijua ile habari ya 1893, Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, na katika hiyo 62 yakatoka mashamba yote mnayoyaona mkienda Korogwe. Nikaona fahari. Nikachonga mpini wa unene sawasawa, nikauzungushia kamba ya mkonge, kwa ufundi, fundo limefichwa. Kilikuwa kizuri. Watu waliniuliza bei kabla sijakipeleka sokoni. Na kweli mkonge unashika; mkono wenye ute hauponyoki kabisa.

Nikampa yule kaka wa Deep Sea akae nacho wiki moja. Siku ya nne nikapita. Nilikisikia kabla sijakiona, na ninaposema nilikisikia namaanisha kwa pua. Kamba ilikuwa imenywa maji ya samaki hadi ndani, haikauki, nzi wamekaa juu yake kama wana kikao. Isitoshe, nyuzi za mkonge zikilowa na kukauka, zikilowa na kukauka, zinasimama kama ndevu. Alikuwa na mikwaruzo kwenye kiganja. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kikiwa kikavu ni kizuri." Nilikichukua, nikakichemsha, nikakianika juani siku mbili, nikakirudisha puani. Nikakitupa.

Kwa hiyo mpini wa tatu ni wa mti wa mwembe, umevalishwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Unakata kipande, unakitia sabuni, unakivuta juu ya mpini kama soksi, kikikauka kimeng'ang'ania. Kinyesi cha kuku, mafuta ya taa, ute wa samaki, unasuuza na kukung'uta. Kikichakaa unavalisha kingine, na kiraka cha tyubu hakimshindi mtu yeyote mtaani kwenu.

Umbo la mpini nalo lilinipa somo. Kwanza nilichonga vishimo vinne vya vidole, kama nilivyoona kwenye vifaa vya kigeni. Vinapendeza kwenye picha. Nikampa dada mmoja anayeuza machungwa ya Muheza, yale ya kumenywa ukayanunua barabarani. Mkono wake ni mdogo, vidole vyake vikakaa juu ya matuta badala ya kwenye vishimo. Nikampa mpagazi wa bandarini, vidole viwili vikagombea shimo moja. Vishimo vile vilikuwa vimekaa sawasawa kwenye mkono mmoja tu duniani, wangu. Nikavipiga randa. Nikabakiza umbo la yai, kama mpini wa shoka. Mmewahi kujiuliza kwa nini mpini wa shoka si duara kamili? Duara linazunguka mkononi bila wewe kujua. Yai linakuambia, hata gizani, hata umefumba macho, makali yameelekea wapi.

Sasa ngao. Kati ya mahali vidole vinapokaa na mfereji unapokatia lazima pawe na ukuta. Wengi wakiweka ukuta huo wanaweka kaukingo kama cha sahani, sentimita moja. Nikajaribu kwa kisu butu na mkono uliovalishwa glovu za ngozi mbili mbili, nikajilazimisha kuteleza. Nilichoona ni kwamba kisu kinapotoka kwenye mfereji hakiendi kando tu, kinaruka. Mkono wako wa kulia ulikuwa unakandamiza. Kizuizi kikiondoka ghafla ule mkandamizo wote unakwenda mahali. Kaukingo kanarukwa. Ukuta wangu sasa umepanda hadi juu ya fundo la vidole, na umejikunja kidogo kama kiganja kinachosema simama. Unaongeza uzito, unaongeza gharama, na kuna mteja aliniambia unafanya kifaa kionekane kama kofia ya polisi. Nimeukubali huo utani, ukuta sipunguzi.

La pili la usalama halionekani, ni mguu. Mfereji ukining'inia nje ya mguu wa kifaa, ukikandamiza kinapinduka, kama mtoto aliyekalia ncha ya benchi wenzake wakainuka. Mguu lazima upite chini ya mfereji na uzidi. Nilichukua kile cha dukani kilichonikata nikakiweka mezani, nikakandamiza mfereji kwa kidole kimoja tu. Kikalala. Kidole kimoja! Jaribio la sekunde mbili ambalo nadhani hakuna aliyelifanya kabla ya kukipakia kwenye kontena.

Na yule mama asiye na meza? Hapa niliwaza sana, na jibu nilidhani nimelipata kwenye mbuzi. Mbuzi ya nazi, nani aliyeibuni hatumjui, lakini alikuwa mbunifu mkubwa. Hakuihitaji meza wala skrubu. Alisema, mpishi mwenyewe ndiye uzito. Akikaa, kifaa kimeshikwa, na mikono yote miwili iko huru kwa nazi. Nikasema basi na mimi natengeneza kinoleo cha kukalia. Nilichora, nikapasua ubao, nikakaa, nikashika kisu, na kabla sijavuta nikatazama kisu kinakuja wapi. Kinakuja kwenye paja. Ndani ya paja, kwenye mshipa ule mkubwa. Na nazi inasukumwa kwenye meno ya mbuzi, haivutwi ikakujia. Nikainuka taratibu. Ubao ule sasa ni rafu ya misumari.

Kilichobaki kutoka kwenye mbuzi ni wazo la kutumia kile kilichopo. Chini ya mguu wa kinoleo nimeweka kulabu pana, kijino cha ubao cha sentimita mbili. Unakiingiza kwenye ukingo wa mbali wa kigoda, au wa gogo, au wa ngazi ya baraza, na ukivuta kisu, kulabu inavutana na ukingo. Mkono wa kushoto haufanyi kazi ya kuzuia tena, unakandamiza tu. Ukitaka kujua tofauti, muulize bibi wa Ngamiani. Vidole vyake havina nguvu ya kukamata, lakini uzito wa mkono wake upo pale pale, Mungu hakumnyang'anya. Kulabu inatumia uzito, haitumii ngumi.

Tena keti upande. Msiketi mkakielekea kinoleo uso kwa uso. Kaa ubavu, ili kisu kikivutwa kipite nje ya nyonga, kiende kwenye hewa tupu. Hili nimelichora kwa kikaragosi kwenye karatasi inayofungiwa kifaa, kwa sababu maelezo ya maandishi nimeona watu wanawashia jiko.

Jinsi ya kuvuta nitasema kwa kifupi, mengine mtayaona mezani. Anza kwenye shina la kisu, malizia kwenye ncha, upande mmoja tu, usisukume na kurudi kama msumeno. Uzito wa kisu na kidogo cha mkono, basi. Mara tatu, nne. Anayekandamiza kama anakamua miwa anakula kisu chake. Kabaidi haina huruma. Kisu chenye meno cha mkate hakipiti humo. Ukimaliza suuza na ufute, kwa kuwa umetoka kutengeneza unga wa chuma na hutaki uwe kiungo cha mchuzi. Na kujaribu ukali, tafadhali, tuache gumba. Tumia nyanya. Nyanya iliyoiva ina ngozi laini inayoteleza. Kisu butu kinaibonyeza, kisu kikali kinaingia kabla hujaamua.

Kuna swali ambalo huwa naulizwa kabla sijashuka jukwaani, acha nilijibu kabisa. Je, kisu butu si salama zaidi kwa nyumba yenye watoto? Hapana. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ikikosa pa kwenda inakwenda kwenye kidole. Waulizeni wanaochonga muhogo mkavu. Kinachotakiwa kwa nyumba yenye watoto ni mahali pa juu pa kuweka kisu, ukali usilaumiwe.

Mambo ambayo bado sijayaweza ni mawili, na nimeyaleta hapa makusudi kwa sababu mna vichwa vichanga.

La kwanza ni panga la muuza madafu. Panga ni refu, zito, makali yake ni ya pembe pana kuliko kisu, na haliwezi kuvutwa kwenye kinoleo. Ni kinoleo kinachotakiwa kutembea juu ya panga. Maana yake mkono unatembea sambamba na makali kwa urefu wote wa mkono. Mnaona hatari? Ngao inabidi iende na mkono. Nimetengeneza mbili, ya kwanza inamziba fundi asione anachonoa, ya pili ni nzito kiasi kwamba muuza madafu aliniambia afadhali anoe kwa dafu lenyewe. Bado wanatumia tupa, na mikono yao mnaijua.

La pili ni kutu. Maji ya bahari yanakula vyote, na hata kabaidi ina kobalti inayoshikilia chembe zake, ambayo chumvi inaidokoa polepole. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zimenisaidia, lakini bei yake inaning'ang'ania. Mwenye wazo la kushikiza ncha bila skrubu kabisa, kwa kabari, kama mpini wa jembe unavyoshikizwa, tukae tuzungumze. Wazo likizaa, tunalipeleka BRELA, kwa wasajili wa hataza, pamoja, jina lako kwanza, langu baadaye, na hilo nalisema mbele ya mashahidi wote hawa.

Vinoleo viko mezani, vitatu, vimefungwa utepe wa rangi ya machungwa visipotee. Pembeni kuna beseni la maji ya sabuni: loweni mikono kwanza hadi iteleze, ndiyo mshike. Kile cha dukani kilichonikata nimekiweka pia, lakini kimejazwa nta kwenye mfereji, mtakishika tu, hamtanolea. Nyanya ziko kwenye ndoo, nimenunua Mgandini asubuhi, mwanamke aliyeniuzia anasema ni za Lushoto. Yuko wapi anayetumia mkono wa shoto? Wewe kijana wa shati la bluu? Njoo uanze wewe, maana vyote vitatu nilivichonga kwa mkono wa kulia, na nataka nijue nimemsahau nani.